Naomba ushauri: watoto wanaopenda vitabu vya maarifa kuliko hadithi

Habari zenu walimu na wazazi. Darasani nina watoto ambao ukiwapa kitabu cha hadithi, wanakifunga ukurasa wa pili. Wape cha wanyama au sayari, hawainui kichwa! Juzi mmoja alinieleza kwa kirefu kwamba pweza ana mioyo 3 na damu yake ni ya buluu kwa sababu ina shaba, huku kidole kikiwa juu ya mchoro. Kusoma huko nakuthamini sana, sitaki kumnyang'anya. Shida ni kwamba anarukia picha na maelezo ya pembeni, aya ndefu haimalizi, na kwenye insha anataja mambo bila kuyaunganisha. Mnawafundishaje kufuata maelezo marefu? Na hadithi, niwasomee mimi kwa sauti au niziache kwanza?