Zimwi la kilindini Ziwa Tanganyika: msomaji anasema halitishi, mwingine anasema sayansi inapwaya

Binti_Katonga

Wakuu, habari za jioni. Nina mswada wa hadithi ya kutisha yenye sayansi ndani yake, umefika maneno 22,000 hivi. Mandhari ni Kigoma. Kitu kilichokaa chini kabisa ya ziwa kinaanza kupanda. Wahusika wakuu ni kijana aliyeletwa kupima kina cha ziwa, na bibi anayeanika dagaa Katonga. Sura ya 2 yote profesa anamweleza kijana ziwa lilivyo, na wasomaji wangu wawili wa majaribio wote wameiruka. Mmoja anasema zimwi halitishi, mwingine anasema sayansi yake haisimami.

Aya ya ufunguzi hii hapa, ichaneni bila huruma:

"Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Mwezi ulichomoza polepole kutoka ziwani, na taa za wavuvi wa dagaa zilimetameta hadi upeo wa macho. Ghafla maji yakawa ya barafu. Kutoka mita 1,470 chini ya Kigoma, kiumbe cha kutisha sana chenye macho mekundu kilianza kupanda kikinguruma. Mlango wa kibanda cha bibi ukafunguliwa."

Je, kitu kama hicho kinaweza kuishi kule chini? Na nifanyeje kitishe?

Mzee_wa_Kipimo

Aya fupi, makosa manne ya ziwa. Mtu wa Kibirizi atayaona yote kabla ya nukta ya mwisho.

Mwezi kwanza. Ziwa liko magharibi ya mji. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, kwa hiyo Kigoma unatokea nyuma ya vilima na kwenda kuzama ziwani alfajiri, upande wa Congo. Ukitaka mwezi unaotoka majini, hamishia hadithi ng'ambo, Kalemie.

La pili ni baya zaidi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi ikijaa mwanga unakuwa kila mahali, dagaa hawakusanyiki chini ya taa, na wavuvi wengi wanapumzika siku hizo. Ama una mwezi mpevu na ziwa tupu, ama una taa mamia na giza. Chagua. Ningechagua katikati: baada ya kupevuka, mwezi unachelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo siku ya tano unatoka kama saa tano usiku. Una saa nne za giza lenye taa, kisha mwanga unaingia na taa zinapoteza nguvu. Hapo sura inajipangia muda wake yenyewe.

Kina: mita 1,470 ni kweli, lakini ni kwenye bonde la kusini. Bonde la mbele ya Kigoma linaishia mita 1,310 hivi. Mhusika wako ni mpima kina, hilo hawezi kulikosea.

Maji ya barafu futa kabisa. Juu ni nyuzi 24 hadi 28 kutegemea msimu, chini kabisa ni 23 na ushee. Kinachobadilika ukishuka si baridi, ni uzito na hewa. Kwenye mita 1,300 kila sentimita ya mraba inabeba kilo 130 hivi za maji. Na oksijeni inaisha mapema mno: huku kaskazini karibu mita 100, kusini mita 200 au zaidi. Chini ya hapo hakuna samaki. Kuna bakteria wasiohitaji oksijeni, na kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza.

Kwa hiyo ndiyo, kitu kinaweza kuishi huko kwenye hadithi, ila kisiwe samaki mkubwa. Kifanye kiumbe ambacho oksijeni ni sumu kwake, kama ilivyo kwa bakteria wengi wa aina hiyo. Hapo umepata sharti: hakivuki mpaka wa mita 100. Na mpaka wenyewe hautulii. Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki unasukuma maji ya juu, yenye joto, kuja kaskazini. Mpaka unashuka huku na kupanda upande wa Kasanga na Mpulungu. Upepo ukilegea, matabaka yanarudi na kuyumba chini kwa chini, kila mzunguko wiki tatu hadi tano, na ukiwa juu kwenye boti huoni chochote. Kalenda ya zimwi tayari unayo.

kalamu_ya_gungu

Mzee kamaliza ziwa, mimi naongezea gesi tu. Harufu ya yai viza kila mwandishi ataifikia. Ambalo wengi hawalitumii ni kwamba gesi hiyo ikizidi inaua pua: mtu anaacha kuisikia wakati hatari ndiyo inakua. Basi sura ya 3 harufu ipo na watu wanalalamika. Sura ya 6 imekatika na watu wanashukuru. Gesi hiyohiyo inaitia fedha weusi. Mpe bibi pete ya fedha, ianze kubadilika rangi, na usieleze kitu kwa sura mbili nzima.

Sasa lugha. "Cha kutisha sana" ni wewe unamwamuru msomaji aogope, na msomaji haamrishiki. Macho mekundu yaondoke: kwenye giza la kilindini macho ya nini? Kunguruma pia. Sauti ndani ya maji inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na inafika masikio yote mawili karibu wakati mmoja, kwa hiyo aliyezama majini hawezi kujua inatoka wapi. Sauti ndogo isiyo na upande inatisha kuliko ngurumo.

Kiswahili chenyewe kinakupa nyenzo mbili ambazo sioni ukizitumia. Moja ni upatanisho. Kwa sura kadhaa mwite kwa ki-: kilipita, kilisimama, kikageuka. Halafu sentensi moja tu, bila maelezo, andika "akageuka". Msomaji atarudi nyuma kusoma tena. Ukifanya mara mbili anadhani ni kosa la uchapaji, kwa hiyo mara moja tu, na mhariri wako umwonye asije akasahihisha. Ya pili ni mnyambuliko wa kitenzi. Mlango "ukafunguliwa" una mkono nyuma yake, na msomaji anauliza mkono wa nani kabla hujataka aulize. Mlango "ukafunguka" hauna mtu.

Jaribio la aya yako:

"Saa tano kasoro, mwezi bado. Taa zilikuwa zimeenea ziwani kama siku zote, isipokuwa pale katikati, ambapo palikuwa na pengo. Bibi akavua pete aisugue kwa majivu. Ilishika weusi tena. Ile harufu ya tangu juzi haikuwepo. Alhamdulillahi, akasema. Nyuma yake mlango ukafunguka."

Msomaji_Mkorofi

Mazuri yote hayo, ila tusimgeuze dada mwalimu wa jiografia. Kati ya vipimo vyote vya Mzee, vitakavyoonekana kwenye ukurasa visizidi vitatu: mpaka wa mita 100, harufu inayokatika, na usiku wa giza. Vilivyobaki vikae kwenye daftari vikizuia makosa. Msomaji wa kutisha hasomi ili afaulu mtihani.

Profesa mfukuze. Tatizo lake si kwamba anaeleza, ni kwamba hana cha kupoteza akieleza. Angalia Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Nchi nzima inaelea hewani, lakini hatupewi mhadhara. Karama yuko mbele ya baraza anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe, na nchi inajengeka ndani ya utetezi huo. Kila maelezo yana shingo ya mtu ndani yake.

Kwako wewe: kijana anataka kukodi boti, mwenye boti hataki kwenda mbali usiku. Wabishane bei, mafuta, na ile mashine ya kupima kina kwa sauti. Mwenye boti anauliza inafanyaje kazi, kijana anajibu kwa hasira na haraka: inapiga mlio, inasubiri urudi, unazidisha sekunde kwa 1,490, unagawanya kwa mbili. Mistari minne. Msomaji ameshajifunza hesabu.

Kuanzia hapo namba zinafanya kazi yote. Siku ya kwanza mlio unarudi baada ya sekunde 1.74, yaani sakafu ya ziwa, mita 1,300 hivi. Siku ya nne, mahali palepale, 1.2, kama mita 900. Baadaye 0.6. Usiandike tena mita. Msomaji atazidisha mwenyewe, na akizidisha mwenyewe ameshanaswa. Sekunde 0.14 ni mita 100 na kidogo. Unayo hadithi nzima kwenye namba nne, na zimwi halijaonekana hata mara moja.

Linalovuruga mbinu hii ni mwandishi kukosa subira: anaruka kutoka 1.74 hadi 0.14 ndani ya sura moja. Weka walau sura mbili kati ya namba na namba. Na kati ya 1.2 na 0.6 tia siku moja ambayo mashine inasoma 1.74 tena, kila mtu alale vizuri.

Binti_Katonga

Asanteni sana, kichwa kinauma vizuri. Mawili yamebaki. Bibi anaamini ni mzimu wa ziwa, kijana anasema ni kiumbe tu. Nani awe sahihi mwishoni? Na kuna mtu kanishauri nimalize kwa gesi kulipuka ziwani na kuua mji mzima, kama kule Cameroon.

Mzee_wa_Kipimo

La Cameroon ni Ziwa Nyos, 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700. Iliyowaua ni kaboni dayoksaidi kutoka kwenye volkano, ilijikusanya chini ya ziwa dogo, ikafumuka mara moja. Tanganyika haina shehena ya namna hiyo. Yenye kaboni dayoksaidi na methani nyingi ni Kivu, ambayo maji yake yanashuka kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika. Ukitaka mlipuko nenda Kivu. Ukiuleta Kigoma, umevunja sharti lako la mita 100 ili umalize haraka, na msomaji atajua kwamba ulichoka.

kalamu_ya_gungu

Kuhusu bibi na kijana: wote wawili watabiri jambo lilelile kwa sababu tofauti. Bibi anasema kusi ikivuma mzimu unatulia huku. Kijana anasema kusi ikivuma mpaka unashuka huku. Tarehe zinalingana, sababu hazilingani, na msomaji hana njia ya kuwatenganisha. Karibu na mwisho weka tukio moja, moja tu, ambalo hesabu za kijana hazilifikii wala maneno ya bibi hayalifikii. Bibi akiwa sahihi kwa kila kitu umeandika fantasia, na si vibaya, ila useme mapema. Kijana akiwa sahihi kwa kila kitu umemgeuza bibi kichekesho, na huku kwetu hilo halitasamehewa.

Usibuni matambiko na kuyabandika kwa Waha au Wabembe. Buni la ukoo wa bibi huyo peke yake, lenye vitendo viwili vitatu na kosa moja linalojulikana mtu akilikosea.

Mtaa_wa_Miembe_Tabora

Naingilia kutoka Tabora kwa sababu dada hajasema ataitoa vipi. Kama ni kwa vipande vya simu, maneno 22,000 yanatoa sehemu 24 au 25 za maneno 900. Zaidi ya 1,000 watu wanaahirisha kusoma, na aliyeahirisha harudi. Usianze kurusha kabla sehemu ya mwisho haijaandikwa. Hadithi nyingi za mitandaoni zinakufa kwenye sehemu ya kumi na kitu kwa sababu mwandishi aliahidi asichokuwa nacho.

Jina la hadithi na namba ya sehemu viwe ndani ya maandishi yenyewe, mstari wa juu, maana vikisambazwa kwenye makundi vinafika vimechanganyika. "Tulipoishia" iwe sentensi moja. Na usikate kwenye mayowe; kata kijana anapoinama kusoma mashine, namba ije kesho yake mstari wa kwanza.

Jambo la saa pia, maana wasomaji wako wengi watakuwa Dar. Kigoma jua linazama karibu saa moja usiku, kama dakika 40 nyuma ya Dar. Ukiandika "saa kumi na mbili na nusu giza lilikuwa totoro", wa Dar hatashtuka, wa Kigoma atacheka. Zile saa nne za giza alizosema Mzee zinaanzia saa moja, na jua likishazama ongeza dakika 20 hivi kabla taa hazijaanza kuonekana vizuri kutoka ufukweni.