Kutaja majina ya kampuni kwenye tovuti ya kamera za zamani: mipaka iko wapi?

MpendaLenzi ameuliza:
Ndugu zangu, ninaendesha tovuti ndogo isiyouza chochote wala kuweka matangazo, ambamo ninaeleza namna ya kutengeneza kamera za filamu. Karibu kila ukurasa unataja Nikon, Canon au Leica, kwa kuwa siwezi kumweleza msomaji namna ya kubadilisha sponji zinazozuia mwanga kupenya bila kumwambia ni za kamera ipi. Rafiki yangu amenionya kwamba majina hayo ni alama za biashara zilizosajiliwa, nami kwa hofu nimeanza kuyafuta. Je, kutaja jina peke yake ni kosa? Nilikuwa pia na nia ya kuweka nembo ya kampuni moja juu ya ukurasa wa mwanzo na kusajili anwani ya tovuti yenye jina lake.

Msomasheria amejibu:
Tafadhali usifute. Anayesajili alama hawi mmiliki wa neno lenyewe. Analindwa dhidi ya watu wanaolitumia katika biashara kwa namna inayowachanganya wanunuzi kuhusu asili ya bidhaa, na huo ndio msingi wa ibara ya 16 ya TRIPS, mkataba wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu katika biashara. Mwaka 1992, katika shauri la kundi la muziki la New Kids on the Block dhidi ya magazeti yaliyowapigisha wasomaji kura kuhusu wanamuziki hao, mahakama ya rufani nchini Marekani iliweka masharti matatu: kitu kiwe hakitambuliki kwa urahisi bila jina lake, jina litumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na pasiwe na lolote linaloashiria kwamba mwenye alama ameidhinisha kazi hiyo. Barani Ulaya, shauri la BMW dhidi ya Deenik la mwaka 1999 linakuhusu zaidi, kwa sababu lilimhusu fundi wa kujitegemea, na mahakama ilikubali kwamba anaweza kuutangazia umma kuwa anatengeneza magari ya BMW, mradi asijionyeshe kuwa ana uhusiano wa kibiashara na kampuni hiyo. Ikiwa fundi anayelipwa anaruhusiwa, sioni kwa nini wewe unayefundisha bure uogope.

Kalamu_na_Kikoa amejibu:
Nakubaliana naye kuhusu maandishi, lakini nembo na anwani ni mambo mengine. Katika shauri hilohilo la 1992, mahakama ilieleza kwamba mshindani anaweza kulitaja jina la Coca-Cola ili kulinganisha vinywaji, ila hana ruhusa ya kutumia mwandiko wake wa kipekee. Nembo iliyo juu ya ukurasa humfanya mgeni adhani amefika kwa wenyewe, na mara nyingi inalindwa pia na hakimiliki. Kuhusu anwani, utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya anwani za mtandaoni, uliopitishwa mwaka 1999 humwezesha mwenye alama kudai ahamishiwe anwani hiyo, akithibitisha kwamba inafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba huna haki wala maslahi halali nayo, na kwamba uliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Huenda ukashinda, kwa kuwa nia yako ni njema. Hata hivyo, kwa nini ujenge nyumba ya miaka mingi juu ya kiwanja chenye mgogoro? Kampuni ya vinyago ya LEGO, kwa mfano, huwaomba wapenzi wa bidhaa zake wasiliweke jina hilo katika anwani za tovuti zao.

FundiMstaafu amejibu:
Niliwahi kupokea barua ya malalamiko kutoka kwa kampuni moja ambayo nembo yake niliiweka kwenye tovuti yangu. Niliiondoa nembo, nikaandika juu kabisa kwamba tovuti haina uhusiano wowote na kampuni hiyo, nikaziacha makala zote kama zilivyo, na sikuandikiwa tena. Hata hivyo, kanusho halisafishi kila kitu: ukiliweka chini ya nembo kubwa, msomaji ataiona nembo kwanza. Na siku utakapoanza kuuza vipuri, pitia upya kila ukurasa, maana hapo utakuwa umeingia kwenye biashara.

MpendaLenzi:
Nashukuru sana. Majina nitayarudisha leo, nembo siiweki, na anwani nitaipa jina nililolibuni mwenyewe.