Seti ya zamani ya behewa la shaba: vipimo havikutani, nianzie wapi?

Ekseli3

Wakuu, heshima kwenu. Nina seti ya kuunda modeli ya behewa la abiria la Midland, kampuni ya zamani ya reli ya Uingereza, lile la magurudumu sita lenye urefu wa futi 31, skeli ya milimita 4 kwa futi. Ni ya kizazi cha kwanza cha seti za mabamba yaliyoliwa na tindikali, miaka ya 1970. Ndani kuna mabamba ya shaba njano, kifuko cha vipande vya kumimina vya aloi laini, na karatasi moja ya maelekezo ambayo nusu yake inazungumzia rangi tu.

Kabla ya kukata chochote nimepima. Kuta za ubavuni zina 124 mm, hapo sina neno. Ila kuta za mbele na nyuma zina upana wa 32 mm kamili, kwa hiyo nikizibana za ubavuni kwa nje behewa linanenepa. Hakuna kishikizo wala tundu la kukuonyesha kipande kipi kinaingia wapi. Matundu ya vishikio vya milangoni nayo hayajatoboka, ni vidoa tu. Hii seti inaungika kweli, au niiweke kabatini?

Tupa Laini

Inaungika mkuu, usiiweke kabatini. Ila iondoe kichwani ile habari ya "seti". Ulichonacho ni mchoro uliochapwa kwenye shaba. Kuunda utaunda wewe.

Enzi hizo mchoraji alichora kwa wino, kwa mkono, mchoro mkubwa mara kadhaa kuliko modeli yenyewe. Ukapigwa picha, ukapunguzwa ukawa filamu, filamu ikalazwa juu ya bamba lililopakwa dawa inayoshika mwanga. Palipobaki wazi, ile tindikali (feriki kloridi) ikala. Sasa filamu haina unene, bamba linao. Aliyechora behewa lako alichukua upana wa behewa halisi, futi 8, akauchora vilevile kwenye kuta za mwisho (hizo za mbele na nyuma), akasahau kwamba kila ubavu utaongeza robo milimita. Kushoto na kulia jumla ni nusu milimita. Kwenye behewa la kweli hiyo ni kama milimita 38, na jicho linaiona, hasa paa likikaa juu yake.

Kwa hiyo kuta za mwisho zipige tupa robo milimita kila upande. Zibane zote mbili pamoja kwenye jiliwa ili zitoke sawa. Vidoa vitoboe kwa keekee ya 0.5 mm, ukitokea upande wa mbele.

Kingine: angalia ukingo wa kila kipande kwa lenzi. Tindikali haili chini tu, inakula na pembeni, na bamba likiliwa kutoka pande zote mbili hubaki kigongo chembamba katikati ya ukingo. Usipokiondoa, viungo vyako vyote vitakuwa na mwanya na utalaumu lehemu bure.

Lakini zitazame hizo kuta za ubavuni! Yale mapapi yaliyoinuka kuzunguka kila dirisha na kila mlango ni shaba ileile, haikubandikwa kitu. Bamba limeliwa nusu kina, mapapi yakaachwa. Kabla ya hapo mtu alikuwa anakata vijiti vya plastiki au kadi na kuvigundisha kimoja kimoja, na behewa la Midland lina mapapi kama nini. Kwa sababu ya kuta hizo peke yake mimi ningekubali usumbufu wote uliobaki.

Bogi Mbili

Naongeza kwa Mzee Tupa. Kuta hizo zinatakiwa kupinda kuingia ndani chini ya madirisha, na mapapi yanasumbua: penye papi ni pagumu, pasipo na papi ni pepesi, basi bamba linakunjika kwa pembe-pembe badala ya kujipinda taratibu. Lipashe moto kwanza hadi shaba ibadilike rangi, liache lipoe, ndipo ulikunje. Linakuwa laini kabisa.

Tupa Laini

Hapo tunaachana kaka. Shaba ikishalainika, vile vipande vyembamba juu ya milango vinalegea na kidole tu kinatosha kuacha kibonyeo. Kibonyeo kwenye paneli huwezi kukinyoosha. Laza ukuta kifudifudi kwenye pedi ya mpira, chukua fimbo ya chuma ya mviringo, iweke sambamba na ukingo wa chini, kisha bingirisha kwa kukandamiza kidogo kidogo. Linganisha na ukuta wa mwisho kila baada ya mikandamizo michache. Polepole, na bila moto.

Ekseli3

Shukrani sana. Kuta za mwisho nimezipiga tupa, na sasa upana wote, pamoja na kuta za ubavuni, unasoma 32. Sakafu nayo nikiikunja inagoma kufika pembe mraba, inasimama njiani. Na lehemu nitumie inayoyeyuka kwa nyuzi ngapi?

Tupa Laini

Mfereji wa mkunjo, ule mstari ulioliwa nusu kina ili bamba likunjike, ni mwembamba, kingo zake zinagusana kabla ya nyuzi 90. Mfereji unakaa ndani ya mkunjo, hilo usisahau. Kwaruza kwa mgongo wa kisu ukiongozwa na rula, hadi uone mstari hafifu unajitokeza upande wa pili. Kunja mara moja tu, halafu jaza kona kwa lehemu kwa ndani, maana shaba iliyobaki pale ni nyembamba mno.

Mwili uunge kwa lehemu ya nyuzi 188, na vitu vidogo vya juu yake kwa 145, ili cha kwanza kisiachie unapopasha cha pili. Vile vipande vya kumimina vinataka ya nyuzi 70, tena paka kwanza shaba lehemu ya 145, vinginevyo ile ya 70 haishiki. Pasi ya kulehemu ya kawaida itavigeuza tope. Ukitumia asidi ya fosforasi kusafishia viungo, osha kwa maji moto na brashi siku hiyohiyo, la sivyo utakuta ukijani.

Bogi Mbili

Ekseli ya kati je? Hizo seti za zamani huwa zimeikaza kabisa.

Tupa Laini

Kweli, na ikikazwa behewa linaruka reli kwenye kona ya kwanza. Kata mabano yake ya kati, iweke ekseli ndani ya kibomba, na kibomba kishikwe na waya mwembamba wa chuma unaonesa, ili kicheze kushoto na kulia na kupanda kushuka kidogo. Uzito wa behewa ubebwe na ekseli za mwisho. Ya kati izunguke tu.