Nifanyeje niweze kufanya kazi vizuri na timu ya watu wa mataifa tofauti?

Wakuu habari zenu. Nina miezi mitano naratibu timu ambayo kila mtu katoka nchi yake, tunakutana kwa video tu. Kwenye kikao nikiuliza "tumeelewana? Ijumaa itakuwa tayari?" wote ndiyo, Ijumaa ikifika kuna mtu hajagusa kitu, ukimuuliza anakwambia tatizo lilikuwepo tangu mwanzo. Halafu kuna mwingine anakosoa mbele za watu, juzi kamwambia mwenzake "hii mbaya, rudia", yule dada akazima kamera na hakuongea tena mpaka tunamaliza. Iliniuma sana. Hili jambo mtu anajifunzaje?

Jibu 1
Pole mkuu. Hiyo "ndiyo" yao usiihesabu kama ahadi. Mjapani akisema "hai" mara nyingi ana maana nimekusikia, endelea, sio kwamba kakubali. Na kuna watu kumwambia kiongozi hapana kikaoni ni kumvunjia heshima kabisa, sasa wewe unamuuliza swali ambalo jibu lake la adabu ni moja tu. Badilisha swali. Muulize "utaanzia wapi, na nini kinaweza kukukwamisha?" halafu nyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu maana ukimya wa sekunde tano unauona kama saa nzima unaanza kumjibia mwenyewe, mimi nilifanya hivyo muda mrefu sana.

Jibu 2
Naongezea. Soma kuhusu Edward Hall, Mmarekani aliyeeleza mwaka 1976 kwamba kuna jamii maana yote iko kwenye maneno na nyingine maana iko kwenye hali, uhusiano, kilichoachwa bila kusemwa. Hofstede naye, mtafiti Mholanzi, alipima tamaduni nchi kwa nchi akitumia majibu ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta. Vinasaidia, ila hizo alama ni za nchi sio za mtu, mwenyewe alisema. Mimi nilisoma kwamba watu wa nchi fulani hawapendi stori kazini, nikaingia kikaoni moja kwa moja "faili liko wapi", kumbe mwenzangu kafiwa na baba yake na wote washampa pole kasoro mimi. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Jibu 3
Huyo mkosoaji usimhukumu haraka, kwao pengine kusema wazi ndo heshima yenyewe. Muite pembeni, mwambie ulichokiona kwa yule dada, mkubaliane makosa ya mtu anaambiwa yeye kwanza. Ila huyo dada umeshamtafuta?

Mleta mada
Nimempigia jana baada ya kusoma hapa. Kakaa kimya muda, nikasubiri. Akasema marekebisho anayakubali yote, kilichomuumiza ni mimi kuhamia ajenda nyingine kama hakuna kilichotokea. Leo naongea na yule jamaa.