Naomba ushauri: lenzi ya zamani ya Takumar iliyogeuka manjano, niichukue?

Habari zenu wakuu. Napiga picha za watu kwa kamera ya Sony, na lenzi ninayoipenda kuliko zote ni Helios 44-2, mm 58 f/2, ya Kisovieti, iliyotokana na Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss. Ukimsimamisha mtu mbele ya majani yanayopenyeza jua, ukafungua tundu la lenzi hadi mwisho, f/2, mwanga wa nyuma yake unazunguka kama maji yaliyokorogwa. Lenzi mpya ni kali mno, safi mno, hazina kitu hicho. Halafu pete yake ya fokasi ni nzito na laini, unalitafuta jicho taratibu kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa nimepata Super-Takumar mm 50 f/1.4. Nayo hufungwa kwa skrubu ya M42, adapta ya kuiunga na Sony ninayo. Shida ni kioo kimegeuka manjano, sababu ya thoriamu, metali yenye mnururisho, iliyomo ndani yake. Nasikia mwanga wa jua au taa ya UV (urujuanimno) huyapunguza manjano hayo. Kwa aliyejaribu: ilichukua muda gani? Joto la jua haliyeyushi grisi ikavujia kwenye diafragmu, vile vibamba vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi? Na kwa rangi ya ngozi zetu, manjano hayo yanarekebishika kwenye kamera tu? Muuzaji anataka jibu Jumamosi.