Ushauri: narekodi nyumbani Dodoma kazi ya jazi-roki ya kuwaenzi magwiji, ilimba na kinanda vinagombana

Solo wa Nkuhungu (mtoa mada)

Wakuu habari zenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naandaa muziki usio na maneno wa kuwaenzi watu walionifundisha muziki bila kuonana nao: John McLaughlin (gitaa) na kundi lake la Mahavishnu Orchestra, Jaco Pastorius (besi), Joe Zawinul (kinanda) na Wayne Shorter (saksafoni) wa kundi la Weather Report. Kwa upande wa nyumbani ni Mbaraka Mwinshehe, aliyetutoka kwa ajali kule Mombasa Januari 1979, na hayati Hukwe Zawose. Zawose ndiye roho ya kazi hii. Mtu ametoka hapa hapa Ugogoni, akafikisha ilimba (ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze hadi Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, halafu vijana wa Dodoma tunaopiga gitaa tunawajua wapigaji wa Marekani kuliko yeye. Linaniuma sana.

Vifaa: laptopu yenye REAPER (programu ya kurekodi), saundi kadi ya njia mbili, maiki moja ya kondensa na moja ya dainamiki, gitaa, besi na kinanda. Chumba ni kidogo, juu bati tupu.

Shida kubwa ni ilimba. Rafiki yangu anaipiga vizuri mno, ila nikiweka kodi za kinanda (noti kadhaa kwa pamoja) chini yake inasikika kama mmoja wetu amepotea. Nimsogezee vyuma vyake vifuate kinanda? La pili ni dramu. Muziki huu bila dramu za nguvu, za mkono wa Billy Cobham wa Mahavishnu, unakuwa umepooza. Njia mbili zitatosha?

Fundi Miksa

Mkuu hongera kwa wazo. Kwa haraka haraka: ndiyo, vyuma vya ilimba vinasogezwa. Ukikirefusha sauti inashuka, ukikifupisha inapanda. Weka tuna (kifaa cha kupimia noti) mezani, pangilia kila chuma kifuate kinanda, maisha yaendelee.

Mjukuu wa Mpiga Zeze

Fundi, kwa heshima zote, hapo napinga. Ilimba haijakosea. Tuni ya Kigogo inafuata sauti za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja ukitetema, ukizihesabu toka ya chini kabisa kwenda juu, hasa ile ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Kinanda kimegawanywa sawasawa, kila nusu toni senti 100 (senti ni kipimo cha urefu wa sauti). Tuseme ile ya 8 ndiyo C yako. Ya 10 ni E, lakini iko chini ya E ya kinanda kwa senti 14 hivi. Ya 7 ni Bb, nayo iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Hiyo ndiyo inayokukwaruza sikio.

Na hiyo ya 7 ndiyo utamu wenyewe. Sikiliza kwaya za Kigogo zinavyopangana sauti, utaikuta hapo hapo. Ukiinyoosha ifuate kinanda umemuenzi Zawose kwa kumfuta. Kinachotakiwa kusogea ni kinanda.

Besi Bila Freti

Naunga mkono, na nina ushahidi kutoka kwa hao hao magwiji wako. McLaughlin alipoanzisha kundi la Shakti katikati ya miaka ya 1970 na Zakir Hussain, L. Shankar na wenzao, alikutana na tatizo la namna hii. Muziki wa Kihindi unateleza katikati ya noti. Hakuwaambia Wahindi wafuate gitaa. Alitengenezewa gitaa lililochimbwa shingo kati ya freti na freti (vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), aweze kuvuta nyuzi mpaka noti ikae anapotaka yeye. Jaco naye alipiga besi isiyo na freti, kidole kikawa ndicho mwamuzi.

Kwa hiyo besi tumia isiyo na freti ukiweza kuazima. Gitaa: Bb ile usiibonyeze palipo Bb, anzia A uvute kidogo, sikio likiridhika simama. Kinanda: acha kodi nene. Piga noti ya 8 na ya 6 tu, yaani C na G, zinakaa vizuri na ilimba. Ukitaka zaidi, plagini nyingi za kinanda zinakubali kupangiwa tuni yako mwenyewe.

Na rekodi ilimba KWANZA. Wengine wote waje juu yake.

Solo wa Nkuhungu

Mjukuu, mmenifungua macho. Nimejaribu C na G tu na ilimba imekaa! Je, ilimba niichukue na pikapu ya kubandika au maiki?

Fundi Miksa

Nimeelewa hoja, naiacha yangu. Maiki, mkuu. Pikapu inachukua mtikisiko wa ubao, lakini mlio wa ilimba una vitu viwili vinavyopigia hewani: vipete vya chuma vinavyotetema, na ule utando wa buibui uliofunika tundu la sanduku. Pikapu itavipoteza. Weka kondensa kama sentimita 30, elekeza pembeni kidogo. Ukiona vipete vimezidi, sogeza maiki, usikimbilie kukata kwa ikualaiza. Nyuma ya mpigaji simamisha godoro, juu yenu tanda blanketi nzito. Trei za mayai hazisaidii kitu cha maana. Upepo wa Dodoma ukianza kugonga bati, acha, subirini usiku. Laptopu iwe na chaji kamili, msipoteze kazi umeme ukikatika.

Dramu: njia mbili zinatosha kwa mtindo wa kizamani, maiki moja juu ya kichwa cha mpigaji na nyingine kwenye dramu kubwa la mguu. Ila ningekuwa wewe ningeongea na kanisa lenye dramu seti na miksa ya kidijitali. Nyingi zinatoa kila njia peke yake kupitia USB. Omba siku ya katikati ya wiki, nenda na laptopu yako.

Binti Chamwino

Habari zenu kaka zangu. Mbona mmekimbilia dramu seti moja kwa moja? Mpo Ugogoni, kuna muheme, ngoma za akina mama. Kwenye Head Hunters, albamu ya Herbie Hancock ya mwaka 1973, mpiga ngoma wake Bill Summers alipuliza chupa ya bia kuigiza filimbi ya watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Wao walitafuta Afrika kwa chupa, ninyi mnayo mlangoni.

Solo wa Nkuhungu

Dada yangu, asante sana. Basi nimeamua: sehemu ya kwanza ilimba na muheme bila kliki (mlio wa kuhesabia mapigo), wapumue wenyewe. Ya pili dramu seti inaingia, gitaa linapanda. Hao akina mama nawapataje, na niwalipeje?

Binti Chamwino

Kubalianeni kabla maiki haijawashwa. Walipwe siku hiyo hiyo, na andikeni kwenye karatasi watapata nini kazi ikiuzwa. Majina yao yatokee kwenye kazi, mmoja mmoja, siyo "kikundi cha ngoma". Na usiwaingize kwenye chumba chako, ngoma zile kwenye bati tupu zitakuvurugia kila kitu. Rekodi uwanjani kwao, jioni upepo ukitulia. Niandikie faragha nikuunganishe na kiongozi wao. Usafiri na chakula ni juu yako.