Tupeane uzoefu: wateja wa mtandaoni waliokuja kuwa watu wako

MwanaUmoja: Jana mteja niliyempata Facebook zamani alinipigia kuniambia baba yake amefariki. Hakutaka kununua chochote, alitaka tu nijue. Na tulijuana kwa picha ya sofa! Leteni zenu, ilikuwaje?

Mama Viatu: Mimi ni ule moto wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, wa Juni 2018. Walioko huko wanajua. Simu ililia usiku, jirani wa kibanda akasema tumekwisha. Kufika, ni mabati yaliyokunjamana na moshi, na kuna watu walifia humo. Beli zangu, yale mafurushi ya viatu, zote jivu, na zilikuwa za mkopo. Nikaandika tu kwa statasi ya WhatsApp: "Wateja wangu, sina viatu, mniombee." Sasa hao ni watu ambao tumeongea miaka. Namjua mwenye mguu mpana, najua nani amejifungua, mtoto wa nani amefika namba ngapi. Mama mmoja wa Kitengela, hatujawahi kuonana, akatuma M-Pesa: "Hiyo ni ya viatu vya shule vya muhula wa tatu. Utaniletea ukisimama." Wengine wakafuata. Beli ya kwanza niliinunua kwa pesa za viatu ambavyo havikuwepo, na kila mtu alipata vyake. Naandika nikilia.

Kasarani Kwetu: Nimesoma nikiwa kwa matatu, machozi tu. Mungu akuzidishie.

Dogo wa Luthuli: Pole sana mama. Lakini statasi inaonwa na waliohifadhi namba yako pekee. Mimi kila anayeniuliza bei ya chaja namtia kwa kundi langu la WhatsApp moja kwa moja.

Binti Kayole: Ni nyinyi mnaotuharibia! Niliamka nikajikuta kwa kundi la chaja, namba yangu mbele ya watu nisiowajua. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Omba ruhusa kwanza.

Dogo wa Luthuli: Sheria hainilipii kodi ya duka.

Binti Kayole: Basi na mimi sinunui chaja kwako.

Cherehani Kariobangi: Binti, ingia mipangilio ya WhatsApp, faragha, makundi, uchague nani anaweza kukuongeza. Na wewe Dogo, tumia brodikasti, ujumbe mmoja unamfikia kila mtu kivyake bila kundi. Orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Huo ndio uzuri wake, unaongea na aliyekutaka. Halafu andikeni bei! "Bei njoo inboksi" inafukuza watu.

Keki za Harusi: Hapo napinga. Kila keki ina bei yake, na ni inboksi nilikojua bibi harusi mmoja karanga zinamdhuru. Nikambadilishia. Sasa ukoo wao wote ni wangu, wakiwa na shughuli hawaulizi mwingine.

Cherehani Kariobangi: Keki sawa. Chaja ina mazungumzo gani?

Mboga Wakulima: Mnasumbuka bure. Mtumie mteja sukuma wiki kwa boda siku moja bila kumdai, uone kama atakusahau.

Kasarani Kwetu: Na akizoea ya bure?

Mboga Wakulima: Siku moja, nimesema!

MwanaUmoja: Mama Viatu, huyo wa Kitengela mlikuja kuonana?

Mama Viatu: Alikuja na watoto wake. Siku hizi tuko chama kimoja cha kuweka akiba.

Mgeni Rongai: Mama Viatu, uko upande gani wa soko sasa? Natafuta 38 nyeusi za ofisi, kisigino kifupi.